TAHADHARI: Saa "inayopima sukari bila sindano" si zawadi ya kumpa mzazi

Ndugu zangu, kabla hujalipia chochote, soma hapa kwanza. Msimu huu wa sikukuu kuna wauzaji wa mtandaoni wanaotuwinda sisi wenye wazazi wagumu kuridhika. Wewe unamjua wako: baba anayesema "msijisumbue, nina kila kitu", au mama anayepokea zawadi, anashukuru, kisha anaifungia kabatini na hutaiona tena. Wauzaji hawa wanajua tumechoka kubahatisha. Wanajua pia kwamba mzazi anaweza kukataa shati, kiatu na simu mpya, lakini ukimwambia kitu hiki ni cha afya yake, atanyamaza na kusikiliza. Basi wanatuletea saa ya mkononi ambayo eti inapima sukari, presha na oksijeni bila sindano wala tone la damu, na juu ya tangazo wameandika kwa herufi kubwa kuwa ni zawadi ya mzazi mwenye kila kitu.

Dada yangu alimnunulia baba saa hiyo. Baba ana kisukari cha miaka mingi, na kujitoboa kidole ni jambo analolichukia kuliko dawa zenyewe. Safari hii alifurahi kweli. Aliivaa mchana na usiku, kila mgeni akaonyeshwa, na ile mashine yake ya vijitii, ya kupima sukari kwa tone la damu, akaiweka kwenye droo.

Hapo kwenye droo ndipo hatari ilipo, kuliko hata hela iliyopotea. Saa ilikuwa inamwambia sukari yake ni 5.6, kesho 5.8, keshokutwa 5.7, iwe amekula au hajala. Sukari ya mtu yeyote hupanda akila na kushuka baadaye, sembuse ya mwenye kisukari. Mama ndiye aliyeshtuka, alipoona mzee anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo na kiu haimwishi. Tukaitoa mashine ya zamani, tone moja la damu, ikasoma 16.9, juu mno. Saa, kwenye mkono ule ule, wakati ule ule, ilikuwa bado inaonyesha 5.7. Siku hiyo hiyo tukampeleka kwa daktari, na tunamshukuru Mungu hakufika pabaya.

Baadaye nikaichukua saa yenyewe nikaifunga kwenye taulo iliyoviringishwa. Taa za kijani zikawaka kwa chini, ikafikiri kidogo, ikaandika presha 118/76 na sukari 5.6. Taulo halina moyo wala damu. Ukiwa nayo nyumbani, fanya jaribio hilo mbele ya mzazi wako. Litamshawishi kuliko maneno yako yote.

Tuelewane vizuri. Zile taa za kijani si bure kabisa: zinamulika ngozi na kusoma mabadiliko ya damu inavyopita, kwa hiyo saa nzuri inaweza kuhesabu mapigo ya moyo. Sukari ni habari nyingine. Tarehe 21 Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na kwamba kipimo kisicho sahihi kinaweza kumfanya mgonjwa akosee kiasi cha insulini. Akichoma nyingi kupita kiasi, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu, hata kufa. Usichanganye na vile vihisio vya kubandika mwilini ambavyo madaktari wanawapa wagonjwa. Vile vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na saa au simu inaonyesha tu namba zinazotoka huko. Kama hakuna kinachoingia kwenye ngozi na bado unaambiwa inapima sukari, achana nayo.

Muuzaji wetu utamtambua kwa mwendo wake. Ana video ya mtu aliyevaa koti jeupe ambaye hatajwi ni daktari wa hospitali gani. Ana saa ya kuhesabu dakika za punguzo, ukifungua ukurasa upya inaanza mwanzo. Ana "cheti cha FDA" chenye muhuri na nembo, na hiki kinawapata watu wengi walioelimika, kwa hiyo shika hili: FDA haiwapi watengenezaji wa vifaa tiba vyeti vya usajili. Kiwanda kusajiliwa maana yake ni kuingizwa kwenye orodha. Hakumaanishi kifaa kimethibitishwa kwamba kinafanya kazi. Dada alipolalamika, aliambiwa airudishe saa nchi nyingine kwa gharama zake, tena usafirishaji ulikuwa ghali kuliko saa. Alipoomba anwani kamili, wakamblok. Picha zao ukizitafuta kwa kutumia utafutaji wa picha, unazikuta kwenye kurasa nyingine chungu nzima zenye majina tofauti.

Ukurasa ule ule ulikuwa unauza bangili za sumaku na za shaba za kuondoa maumivu ya viungo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walizijaribu kwa wagonjwa 70 wa baridi yabisi na kutoa matokeo mwaka 2013: hazikupunguza maumivu wala uvimbe zaidi ya zile za bandia walizolinganisha nazo. Na kama mzazi ana kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, sumaku yenye nguvu haitakiwi kukisogelea.

Kinachonitisha zaidi ni vidonge vya "asili" vya magoti na mgongo. Mwaka 2022 FDA ilionya kuhusu bidhaa iitwayo Artri King, iliyokuwa ikiuzwa kama virutubisho, baada ya maabara kukuta ndani yake diklofenaki (dawa ya maumivu) na deksamethasoni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Ndiyo maana mzee akimeza anapona ghafla na kukuombea baraka! Lakini diklofenaki inaweza kutoboa tumbo na kumvujisha damu, hasa akiwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na deksamethasoni inapandisha sukari na presha. Mtoto ananunua kwa upendo, mzazi anasifia, na hakuna anayehisi kitu. Bidhaa moja ikikamatwa, nyingine inaweza kutoka na jina jipya. Kwa hiyo kidonge kisiwe zawadi, kwa namna yoyote, bila daktari wake kukiona.

Programu za simu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera ziache pia. Moja iliyopendwa sana ilichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, matokeo yakatoka 2016: karibu watu 4 kati ya 5 wenye presha ya juu iliwaambia wako sawa.

Sasa umpe nini? Kama unataka kumpa kitu cha afya, anza na kile anachotumia tayari. Vijitii vya ziada vya mashine yake mwenyewe, vya chapa ile ile na vyenye tarehe ya mbali ya kuisha, vina maana kuliko saa kumi za kumetameta. Mashine ya presha iwe ya kuvaa juu ya kiwiko, iwe kwenye orodha ya vifaa vilivyohakikiwa usahihi, kama ile ya mtandaoni ya STRIDE BP, na upime mzunguko wa mkono wake kabla ya kununua, maana mkanda mdogo kwa mkono mnene unapandisha namba bure. Nunua mahali penye mlango unaoweza kurudi kugonga. Na wazazi wengine, nionavyo mimi, hawapendi zawadi inayowakumbusha kila asubuhi kwamba wanaumwa. Huyo mletee redio inayofanana na ile yake iliyokufa, au miwani ya kusomea yenye namba ile ile, au mchapishie picha za wajukuu kwa ukubwa anaoweza kuona bila kuomba msaada.

Kama saa umeshampa, usimnyang'anye wala usimfokee. Mwache aitumie kuangalia saa tu, na mashine ya vijitii irudi mezani. Kama ameanza vile vidonge, usivitupe na usimwambie aache ghafla. Mwili uliozoea deksamethasoni ukikatishwa mara moja unaweza kuzidiwa vibaya. Beba kopo lote, nenda naye kwa daktari, na aseme ameanza lini na anameza vingapi kwa siku. Akitapika damu, akipata choo cheusi au akilegea kupita kawaida, usisubiri miadi, mkimbize hospitali na kopo hilo mkononi.