Kikokotoo cha bc: nimekipima kwa namba ya tarakimu 25

Ukitaka kujua kikokotoo kina nguvu kiasi gani, kipe 3608528850368400786036725.

Namba hii naipenda mno. Tarakimu zake mbili za kwanza, 36, zinagawanyika kwa 2. Tatu za kwanza, 360, kwa 3. Nne, 3608, kwa 4. Songa mbele hivyo hivyo hadi zote 25, zinazogawanyika kwa 25, na hutakuta baki popote. Namba za aina hii ni zaidi ya 20,000, ila hii ndiyo kubwa kuliko zote.

Programu ya majedwali ninayotumia kila siku haiiwezi. Inashika tarakimu 15 za mwanzo, zilizobaki inazigeuza sifuri, na hapo namba yenyewe imeshakufa. Ndipo nikageukia bc, iliyoandikwa mwaka 1975 na Robert Morris na Lorinda Cherry huko Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani. Mimi natumia toleo la GNU, mradi wa programu huria, ambalo ni la bure. Halina vitufe wala mapambo: unafungua teminali (dirisha la kuandikia amri), unaandika bc, unaanza hesabu. Namba kamili haikadirii hata kidogo. Inazibeba tarakimu zote ulizoipa. Baki unaipata kwa alama ya %. Niliandika 36085288503684007 % 17, ikajibu 0. Nikaingiza namba nzima na % 25, ikajibu 0 papo hapo.

Raha yenyewe niliipata nilipotaka kujua kwa nini msururu unakomea hapo. Niliongeza sifuri mwishoni, nikagawa kwa 26: baki 12. Maana yake, ili igawanyike sawasawa, mahali pa ile sifuri pangehitaji 14, na tarakimu haivuki 9. Njia imefungwa kabisa! Kwa hesabu ya mstari mmoja nimeona kwa macho yangu kwa nini namba hii haina tarakimu ya 26.

Jihadhari na jambo moja, nalo ni kubwa. Watu wengi hushauri kuiwasha kwa bc -l ili upate desimali. Ukifanya hivyo, % haikupi tena baki ya namba kamili. Hesabu ile ile ya 26, badala ya 12, inatoa .00000000000000000004. Anayeanza atadhani programu imeharibika, kumbe inaendelea kugawa hadi desimali ya 20 ndipo ihesabu kinachobaki. Andika scale=0 kwanza, yaani idadi ya desimali iwe sifuri, mambo yatanyooka. Kwa maoni yangu mpangilio huu ni mbaya na ungestahili onyo kwenye skrini.

Majibu marefu sana, ya takriban tarakimu 70 kwenda juu, hukatwa kwa mkwaju wa nyuma (\) na kushuka mstari wa pili, jambo linaloudhi ukitaka kunakili. Weka BC_LINE_LENGTH=0 (mpangilio wa urefu wa mstari) kwenye teminali kabla ya kuiwasha, jibu litatoka kwa mstari mmoja.

Kwa yeyote anayecheza na namba kubwa, naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imeliwa na -l.