Rock & Roll Jeopardy!: kitufe kimeniharibia kipindi kizuri

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Chemsha bongo ya muziki inayomzuia anayejua asijibu imekosewa pale pale penye moyo wake. Naizungumzia Rock & Roll Jeopardy! iliyorushwa na VH1, chaneli ya muziki huko Marekani, kuanzia 1998, ikafa 2001. Nimezitazama juzi juzi nakala ambazo watu walizirekodi kwenye kanda za VHS wakazipandisha mtandaoni. Picha zina chenga lakini zinatazamika. Mtangazaji ni Jeff Probst, kabla dunia haijamjua kwa Survivor, lile shindano la kuishi porini, na sina neno naye: anasoma vizuri, hajikwezi, hachukui nafasi ya washiriki. Tatizo ni kitufe, kile anachobonyeza mshiriki ili apewe nafasi ya kujibu.

Kanuni ya kitufe imetoka kwenye Jeopardy! yenyewe, chemsha bongo ya maarifa ya jumla iliyoizaa hii. Iliporudi hewani 1984 na mtangazaji Alex Trebek, msimu wa kwanza mshiriki aliruhusiwa kubonyeza wakati wowote. Kuanzia msimu wa pili ikawa lazima asubiri swali lisomwe lote. Kuna mfanyakazi kando ya jukwaa ambaye kazi yake ni kusikiliza. Neno la mwisho likitoka anafungua mfumo kwa mkono, taa za pembeni ya ubao zinawaka, na hapo tu ndipo kitufe kinashika. Ukiwahi, unafungiwa robo sekunde. Usiidharau robo sekunde, mwenzako aliyesubiri vizuri anapita humo humo. Ndiyo maana unawaona washiriki wanabonyeza mfululizo kama waliopagawa: wameshafungiwa, wanajaribu kuwa wa kwanza kifungo kikiisha.

Kwa swali la kusomwa, kanuni hii ni ya haki kabisa. Maandishi yako ubaoni, wote wanayaona, na mtazamaji nyumbani anapata nafasi ya kujibu kabla hawajamjibia.

Ila kwenye kipindi hiki maswali mengine ni vipande vya nyimbo, na wimbo hausomwi. Wimbo unatambulika pale unapoanza: mlio wa gitaa, pigo la kwanza la ngoma, pumzi anayovuta mwimbaji kabla hajatoa neno. Mjuzi ameshaujua hapo. Asiye mjuzi sana anangoja kiitikio kimwokoe. Ukipiga kipande cha sekunde saba au nane, kisha ukafungua vitufe kikiisha, aliyejua kwenye sekunde ya kwanza na aliyejua kwenye ya saba unawaweka mstari mmoja. Hapo umepima kidole gumba, hukupima sikio. Na sikio ndilo lililotuleta kwenye kipindi!

Kwenye vipindi vya mastaa kero hii inazidi. Mastaa walichezea mifuko ya hisani, na miongoni mwao walikuwamo wanamuziki hasa, watu walioishi studio. Mark McGrath, mwimbaji wa bendi ya Sugar Ray, kwa mfano, alijijengea jina hapo kwa jinsi alivyoijua historia ya muziki. Mtu wa namna hiyo anautambua wimbo kwa mlio wa ngoma tu. Utaona midomo imeshaanza kuumba jina, mkono unatikisika, taa hazijawaka. Zikiwaka, kitufe kinaitikia kwa jirani yake aliyekuwa ametulia. Inaniuma kila mara, maana yule jirani hajafanya kosa lolote na yule mjuzi naye hajafanya kosa lolote. Kosa ni la aliyeichukua kanuni ya maswali ya kusomwa akaibandika kwenye nyimbo.

Wala dawa haikuwa siri. Name That Tune, chemsha bongo ya Marekani ya kutaja nyimbo, imekuwapo tangu miaka ya 1950. Humo washiriki wanashindana kushusha idadi ya noti: mimi nitautaja kwa tano, mimi kwa nne, na aliyetamba anadaiwa autaje kweli. Never Mind the Buzzcocks ya Uingereza ilikuwa hewani BBC Two tangu 1996 na raundi yake ya mianzo ya nyimbo, wawili wanaigiza ala kwa midomo na wa tatu anakisia. Miaka mingi baadaye Beat Shazam ya Jamie Foxx, iliyoanza kwenye televisheni ya Fox 2017, ikajengwa yote juu ya kasi: hela inakwenda kwa jozi iliyopata jibu sahihi mapema kuliko wenzao. Kote huko kuwahi ndio ujuzi wenyewe.

Halafu kuna muda. Ubao wa Jeopardy! una safu sita zenye maswali matano matano. Raundi mbili ni maswali 60, ongeza la mwisho, 61. Nusu saa ya televisheni ukitoa matangazo inabakiza dakika kama 22. Gawanya, kila swali linapata sekunde zipatazo 20, kabla hujahesabu utambulisho wa washiriki na zile sekunde 30 za kufikiria swali la mwisho. Kipande cha wimbo cha sekunde nane kinakula karibu nusu ya fungu la swali zima. Ukimkalisha na msanii anayependa kutaniana na mwenzake, ubao hauishi. Na yanayobaki bila kufunguliwa mara nyingi ni yale ya chini, ya alama nyingi, yaani matamu kuliko yote. Vipindi vya watu wa kawaida vinakwenda mbio zaidi, na mimi ningewashauri muanze na hivyo.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeionea. Maswali yake ya maandishi ni kazi ya mikono safi. Swali zuri la aina hii hubanwa pande mbili ili jibu libaki moja. Nichukue mfano wangu mwenyewe: ukiandika "mwimbaji maarufu aliyezaliwa Zanzibar", umejitafutia ugomvi, kwa sababu Siti binti Saad ni jibu sahihi, Bi Kidude ni jibu sahihi, na Freddie Mercury pia. Ongeza "1946" na jina la kuzaliwa, Farrokh Bulsara, milango yote inafungwa isipokuwa mmoja. Waandishi wa Jeopardy! wanaijua kazi hiyo, na hapa inaonekana. Vipindi vingi vya mastaa vinavyokuja na kupotea hufia hapo, swali lina majibu matatu, mwendeshaji ana kadi yenye jibu moja, zogo linaanza.

Na kuhusu kitufe, kadiri ninavyozidi kutazama ndivyo ninavyogawanyika. Mimi niliye kwenye kochi nafaidika na ule ucheleweshaji. Nausikia wimbo wote waliokusudia niusikie, nautaja kwa sauti, kisha ndipo wao wanajibu. Wangeruhusiwa kukatiza, ningesikia nukta moja ya gitaa na jibu juu yake. Kwa hiyo kanuni inayomdhulumu mshiriki inamlisha mtazamaji. Bado nasema ni dhuluma. Wangeweza kufungua vitufe tangu noti ya kwanza, wakamsajili aliyewahi, wakaacha kipande kiendelee hadi mwisho huku taa yake ikiwaka, ndipo ajibu. Akikosa anakatwa alama kama kawaida, zamu inakwenda kwa aliyefuata kubonyeza. Mshiriki anapata haki yake, na mimi nabaki na wimbo wangu.

Mnaoandaa chemsha bongo za muziki ukumbini, jaribuni hivyo, ila kateni kipande kabla mwimbaji hajataja jina la wimbo, na sawazisheni sauti za vipande vyote kabla ya siku yenyewe. Kipande kimoja kikiwa chini kuliko vingine, meza za nyuma zitalalamika usiku kucha, na zitakuwa na haki.

Nilikusudia kuipa nyota mbili. Naipa tatu, na kama ni vipindi vya watu wa kawaida peke yake, nne bila kusita. Ukiitafuta, usianze kutazama kabla hujaruka mpaka kwenye swali la wimbo. Kipande cha muziki kinabeba haki mbili, ya aliyetunga na ya mwenye rekodi, na mitandao ya video huzima sauti pale inapogundua mojawapo. Nakala iliyozimwa sauti hapo haifai kitu, tafuta nyingine.