CURE Mbale: tulipompeleka binti yetu wa kichwa kikubwa

Hii ni kwa wazazi wa Malaba, Busia na Tororo wanaoniuliza kila nikipaki lori tulimtibu wapi binti yetu. Hospitali ya watoto ya CURE iko Mbale, mashariki mwa Uganda, barabara ya Bugwere, tangu 2001.

Binti yetu alizaliwa na kichwa cha kawaida. Wiki ya tatu akashikwa na homa na degedege. Zahanati moja ikamchoma sindano za malaria, homa ikashuka, tukashukuru. Mwezi haukuisha, kofia alizofumiwa na bibi yake zikaanza kumbana. Tukarudi palepale, nikaambiwa, "Si amechukua cha baba yake?" Tukacheka, maana changu kweli si kidogo. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa mke wangu. Utosi ulikuwa umetuna, mishipa imechomoza, na macho yanatazama chini tu, weupe ukionekana juu ya mboni.

Mbale sikuanza kuonyeshwa mashine yoyote. Muuguzi alitoa futi ya utepe, ile ya fundi cherehani, akaizungusha juu ya nyusi mpaka kisogoni, akarudia mara tatu, akaandika 47. Mtoto wa miezi mitatu huwa kwenye 40 hivi. Mke wangu ni fundi. Futi kama hiyo ilining'inia kwetu muda wote huo na hakuna aliyeishika.

Baada ya skani daktari alitukalisha. Ubongo hutengeneza maji kila siku, na yale maambukizi yaliyomletea homa wiki ya tatu yaliacha makovu yakaziba njia ya kutokea. Akasema watoto wengi wa huku hupata hivyo. Kisha akauliza, "Mzee, unakaa wapi?" Nikamwambia Malaba, ila wiki nyingine niko Juba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliuliza. Tiba iliyozoeleka ni shanti, mpira unaotoa maji kichwani hadi tumboni. Shanti ikiziba usiku, ukiwa mbali na daktari wa upasuaji, mtoto anaweza kufa. Kwa sababu hiyo Benjamin Warf, daktari wa upasuaji Mmarekani aliyefanya kazi hapo mwanzoni, alitumia njia nyingine: kamera nyembamba inaingia, inatoboa njia mpya ya maji, na sehemu inayoyatengeneza inachomwa. Hakuna mpira unaobaki. Ndiyo aliyofanyiwa binti yetu.

Hawakunificha kwamba kuna watoto ambao haiwasaidii, na kwamba ikishindikana, mara nyingi hujulikana ndani ya miezi sita. Nilipenda hivyo kuliko ahadi.

Wodini jirani yetu alikuwa na mtoto wa mgongo wazi, uvimbe kama nyanya chini ya kiuno. Wale nao hutibiwa hapo. Ni hospitali ya Kikristo na maombi yapo. Sisi ni Waislamu, mke wangu alitandika mswala wake kando ya kitanda, na maisha yakaendelea. Gharama zungumzeni nao mapema, msione aibu kueleza hali yenu. Na bebeni sweta, Mbale mvua ikishuka kutoka Mlima Elgon baridi haina adabu.

Sasa ni mwezi wa tano tangu upasuaji. Juzi wamempima: 48. Macho yamepanda, ananifuata nikipita. Futi tumeitundika kwenye msumari karibu na kitanda, na jirani akijifungua mke wangu anaenda nayo.