Madini ya ng'ombe wa maziwa madukani Moshi na Arusha: unga, jiwe au magadi?

Ng'ombe anayelishwa matete na majani ya migomba kihambani (shamba la nyumbani), akaongezewa pumba wakati wa kukamua, anashiba. Tatizo ni kwamba matete yaliyokomaa yana fosforasi kidogo, na pumba za mahindi zina fosforasi lakini karibu hazina kalsiamu. Kila lita ya maziwa hubeba takriban gramu 1.2 za kalsiamu na karibu gramu 1 ya fosforasi. Anayetoa lita 12 kwa siku anapoteza zaidi ya gramu 14 za kalsiamu, na asipoipata kihorini anaichota kwenye mifupa yake.

Ukiingia duka la pembejeo mjini Moshi au Arusha utakuta unga wa madini na jiwe la kulamba. Magadi yanapatikana sokoni, tena kwa bei ya chini kuliko vyote.

Kwa ng'ombe anayekamuliwa tunachagua unga, mradi lebo iwe na tarakimu. Pakiti iliyoandikwa tu "madini na vitamini" bila asilimia iacheni hapohapo. Angalia kalsiamu na fosforasi kwanza: kalsiamu iwe kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya fosforasi. Fosforasi ndiyo ghali kuitengeneza, kwa hiyo unga wa bei ya kutupa mara nyingi ni chokaa na chumvi nyingi, fosforasi asilimia 2 au 3. Ukilinganisha pakiti mbili, usigawe bei kwa kilo ya unga. Igawe kwa gramu za fosforasi zilizomo. Baada ya hapo tafuta shaba, zinki, kobalti, iodini na seleniamu.

Kipimo ni gramu 100 hadi 150 kwa siku. Njia rahisi ni kuchanganya kilo 3 za unga katika kila kilo 100 za chakula, tuseme pumba za mahindi kilo 67 na mashudu ya alizeti kilo 30. Anayekula kilo 4 za mchanganyiko huo anapata gramu 120. Anayekula kilo 2 anapata 60 tu, na hapo wengi hukosea: lazima aongezewe mkononi. Pima gramu 50 mara moja kwenye mizani ya dukani, weka alama kwenye kikopo, basi. Wakati wa kuchanganya, anza na unga wote ndani ya kilo 5 za pumba, koroga, ndipo umwage kwenye rundo kubwa; ukimwaga moja kwa moja, ng'ombe mmoja atakula ya wiki na mwingine hatapata kitu. Akisusa kwa sababu ya harufu, anza na gramu 30 na upandishe ndani ya wiki moja.

Jiwe la kulamba ni zuri kwa mtamba na ng'ombe aliyeacha kukamuliwa hivi karibuni, si kwa mkamuliwa peke yake. Sehemu kubwa yake ni chumvi, na ng'ombe huacha kulamba hamu ya chumvi ikiisha. Fanyeni hesabu: jiwe la kilo 2 likiisha kwa mwezi kwa ng'ombe wawili, kila mmoja amepata gramu 33 kwa siku. Hilo ni robo hadi theluthi ya anachohitaji. Litundikwe chini ya bati, maana masika huliyeyusha likaishia kwenye samadi. Maji yawepo muda wote. Bila maji chumvi inapunguza maziwa.

Magadi hatuyapendekezi kabisa kama madini ya kila siku. Yanaleta sodiamu, fosforasi hakuna. Na magadi ya Ziwa Natron yana floraidi nyingi, jambo ambalo wakazi wa miteremko ya Meru wanalijua kwa meno ya kahawia yatokanayo na maji ya huko. Ng'ombe naye huharibika meno na mifupa. Kama ni sodiamu inayotakiwa, chumvi ya mezani gramu 30 inatosha, na ni salama zaidi.

Ng'ombe anayetafuna mifupa, vitambaa au udongo huenda amekosa fosforasi, lakini mpe dawa ya minyoo kwanza na hakikisha majani yanatosha. Unga hauzibi pengo la njaa.

Mambo mawili muuzaji huwa hayasemi. Wiki 3 za mwisho kabla ya kuzaa, punguza unga wenye kalsiamu nyingi: mwili ukizoea kuipata kirahisi, unachelewa kuitoa mifupani siku ya kuzaa, na ng'ombe anaanguka kwa homa ya maziwa, yaani kalsiamu kushuka ghafla kwenye damu. Rudisha kipimo kamili mara tu anapozaa. Na kama kondoo wanalala banda moja na ng'ombe, unga huu uwekwe mbali nao, kwa kuwa shaba inayomfaa ng'ombe humjaa kondoo kwenye ini na kumuua.