Uzoefu wangu na shampuu ya klorheksidini asilimia 4 kwa mbwa aliye kwenye steroidi muda mrefu

Hii shampuu, yenye klorheksidini ambayo ni dawa ya kuua bakteria na fangasi kwenye ngozi, nimeitumia miezi 7 sasa, chupa ya nne ndo iko bafuni, kwa hiyo naiongelea nikiwa naijua vizuri. Nimeipa nyota 4 kati ya 5. Ila lazima nianze na mbwa mwenyewe, maana mwenye mbwa mzima anayejikuna kidogo tu hahitaji kusoma yote haya. Naandikia wale ambao mbwa wao yuko kwenye prednisoloni (ndo steroidi yenyewe, dawa inayoshusha kinga ya mwili) mwezi wa tatu au wa sita na ngozi imeanza kuharibika na hawajui washike wapi.

Doti ni jike, ana miaka 7, kilo 25. Alipata ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuanza kuua chembe nyekundu za damu yake mwenyewe, siku nampeleka kwa dokta fizi zilikuwa nyeupe pee na hawezi hata kusimama. Akaanzishiwa prednisoloni miligramu 50 kwa siku, yaani miligramu 2 kwa kila kilo. Ile dawa ilimwokoa, nataka hili lieleweke mapema kwa sababu nitaisema vibaya huko mbele, bila hiyo sa hivi nisingekuwa na mbwa.

Wiki za mwanzo ilikuwa yale ya kawaida, anakunywa maji hamalizi, anakojoa ndani, anahema usiku kucha, njaa haiishi. Mwezi wa tatu ndo ngozi ikaanza. Tumboni ikawa nyembamba mpaka mishipa ya damu unaiona, kuzunguka chuchu vikatoka vichunusi vyeusi vidogo vidogo, ubavuni manyoya makavu yananyonyoka ukipitisha tu mkono, akitolewa damu ya kupima ile sehemu inabaki na doa la zambarau wiki nzima. Halafu vikaja vipele vya usaha, vikipasuka vinaacha mduara mwekundu wenye magamba pembeni, leo mitano kesho kumi na mbili.

Kliniki ya kwanza walinipa vidonge vya antibiotiki. Vikaisha, vipele vikarudi, wakanipa tena vilevile, na mara ya tatu tena, na muda wote huo hakuna aliyechukua chochote kwenye ngozi akakipima. Hili bado linaniuma, maana ni karibu miezi miwili Doti anajikuna na mimi namezesha vidonge nikiamini vinasaidia.

Dokta wa pili alifanya kitu cha dakika tano. Alibandika selotepu safi kwenye kile kipele, akaibandua taratibu, akaitia rangi na kuiweka chini ya hadubini, akaniita niangalie mwenyewe. Vidoti vya buluu vimejazana, hao bakteria, na pembeni kuna fangasi wachache wenye umbo la kama karanga. Akanyofoa pia manyoya machache kutafuta wale wadudu wa demodeksi, wadogo sana wanaokaa kwenye mashina ya manyoya, kwa sababu mbwa mkubwa kinga ikishushwa na steroidi wanaweza kulipuka hata kama hajawahi kuwa nao kwa kuonekana. Kwa kawaida wanakwangua ngozi ila ya Doti ilikuwa nyembamba mno akaona asiikwangue. Demodeksi hakuna. Usaha ukaenda maabara, majibu yakaja baada ya siku kadhaa: ni bakteria haohao wa kawaida wanaoishi kwenye ngozi ya kila mbwa, ila hawa walishakuwa sugu kwa ile antibiotiki tuliyorudia mara tatu.

Nikajua sasa tutapewa dawa kali zaidi. Dokta akasema hapana, vipele viko juu juu tu, havijaingia ndani, tutaviua kwa kuogesha. Ndo nikapewa hii shampuu.

Sasa matumizi, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Ikae kwenye ngozi dakika 10 kamili kabla ya kusuuza. Naweka taimu kwenye simu, dakika 10 ukiwa na mbwa aliyelowa ni ndefu sana aisee, naanza kupaka sehemu mbaya zaidi ili zipate muda wa kutosha. Maji ya uvuguvugu, kamwe yasiwe ya moto. Na kama unaanza na sabuni ya kawaida kutoa uchafu suuza mpaka iishe yote, kwa sababu mabaki ya sabuni yanaua nguvu ya klorheksidini, hili sikulijua na nadhani bafu mbili tatu za mwanzo zilienda bure. Macho yasiguswe kabisa, na masikioni isiingie.

Mwanzo mara 3 kwa wiki. Wiki ya pili vipele vipya vikaacha kutoka, wiki ya nne dokta akarudia selotepu, safi. Bila kidonge hata kimoja cha antibiotiki! Nililia pale pale kliniki.

Kosa langu kubwa lilikuwa brashi. Nilikuwa nasugua kwa brashi laini ya mpira ili povu liingie, na siku moja kwenye kinena ngozi ikaachana tu, kama karatasi iliyolowa, mpasuko wa sentimita 3 na damu kidogo sana. Doti hakulia hata, mimi ndo nilitetemeka. Kile kidonda kilichukua wiki 6 kufunga kwa sababu steroidi inachelewesha kila kitu kupona. Tangu hapo ni kiganja tu, nafuata manyoya yanakolala, na kukausha nabonyeza taulo nikiinua, sisugui. Plasta ya kunata usimbandike, ukiibandua inaondoka na ngozi. Kola nimetoa nimemvalisha hanesi (mkanda wa kifuani) pana yenye kitambaa laini ndani.

Kuna kitu kimoja shampuu haitakusaidia nacho. Nyuma ya shingo nilikuta sehemu ngumu, ukipitisha kidole inakwaruza kama mchanga umenasa ndani ya ngozi. Nilidhani ni ukoko wa kidonda, nikaulowesha nikitaka kuubandua. Kumbe ni kalsiamu, inaitwa kalsinosisi kutisi, mwili unaweka madini ya kalsiamu kwenye ngozi kwa sababu ya steroidi nyingi, na kuubandua ni kufungua mlango wa maambukizi. Dokta alikata kipande kidogo kuhakikisha. Dawa yake halisi ni kushusha steroidi na kusubiri miezi.

Na hapo kwenye kushusha, jamani, usishushe mwenyewe. Najua unavyojisikia ukimwangalia mbwa wako amekonda mapaja, tumbo limening'inia, ngozi inachanika, unataka uvitupe vile vidonge leo leo. Tezi za adrenali, zile zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinakuwa zimelala muda wote huo kwa sababu mwili unapata steroidi kutoka nje, ukikata ghafla hana homoni ya kumshikilia, anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, kuanguka na kufa, na ule ugonjwa wa kwanza nao unarudi. Doti aliongezewa azathioprini ndo prednisoloni ikashuka kidogo kidogo, kila wiki 3 hivi, na kila mara anapimwa damu kwanza. Azathioprini nayo inashusha kinga kwa hiyo ukaguzi wa ngozi haujaisha, kila Jumapili namgeuza chali namwangalia tumbo, makwapa, kinena na katikati ya vidole.

Kitu kingine, krimu. Mtu alinipa krimu ya muwasho nimpake, nikasoma maandishi madogo nikakuta betamethasoni, ambayo ni steroidi nyingine juu ya ile anayomeza! Matone mengi ya masikio pia yanayo. Soma kwanza, au uliza.

Nyota moja nimekata kwa sababu inakausha. Wiki ya tatu mgongo ulijaa mba, ikabidi baada ya kusuuza nimpulizie losheni ya unyevu isiyo na manukato, na hilo kwenye chupa hawajaliandika popote. Harufu yake ni ya hospitali. Pia kampuni hiyohiyo ina vitambaa vya kufutia, nilivijaribu kwa ajili ya mikunjo, vina alkoholi na Doti aliruka, nikaviacha.

Sa hivi tuko mwezi wa 11 wa matibabu, prednisoloni ni miligramu 5 siku moja ndiyo siku moja hapana, bafu mara moja kwa wiki. Ule mchanga wa shingoni umelainika, umebaki kama ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ubavuni manyoya mapya yameota, ni laini zaidi na rangi imekolea kuliko ya zamani, na juzi nimemwogesha akalala mgongo chali mwenyewe nimpake tumboni.