Kiwanja cha manispaa: kukodisha au kujenga wenyewe?

Tuseme Manispaa ya Moshi ina kiwanja kitupu jirani na stendi. Madiwani wafanyeje nacho?

Wakimkodisha mfanyabiashara, hawatoi hata shilingi ya ujenzi. Yeye anajenga, halmashauri inakula pango, na mkataba ukiisha jengo linarudi mikononi mwa umma. Tatizo ni muda. Mkataba wa miaka 33 utapita chaguzi kuu sita, na diwani aliyenyoosha mkono kuupitisha huenda hatakuwepo wa kumuuliza. Kama pango liliandikwa kwa shilingi bila kipengele cha kulipitia upya kila baada ya miaka michache, thamani yake itayeyuka kama theluji ya Kibo. Mimi ningeanza kusoma mkataba hapo, kabla hata ya kutazama michoro ya ghorofa.

Wakijenga wenyewe, kodi yote ya fremu ni yao, na mama wa ndizi kutoka Mbuyuni anaweza kutengewa meza ya bei anayoimudu. Lakini pesa zitoke wapi? Na halmashauri kufukuza mpangaji sugu, tunajua inavyokwenda.

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Kwa hiyo kiwanja hakiuzwi kama gunia la mahindi. Ningekubali kukodisha, ila kwa muda mfupi, zabuni ya wazi, na pango linalopanda.