Baiskeli ya mtoto ya inchi 20, mtumba wa Japani: ya kununua na ya kuacha hapa Tanga

Kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hapa Tanga, chaguo letu ni baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ringi ya inchi 20, yenye kifuniko kizima cha mnyororo. Zile mpya zenye vigurudumu vya pembeni zinavutia dukani, lakini nyingi ni nzito na breki zake ni dhaifu. Kipimo chetu ni kimoja: mtoto aweze kuipanda, kuisimamisha na kuitunza bila mkono wa mzazi.

Kosa kubwa hufanyika kwenye saizi. Mzazi ananunua kubwa, "atakulia humo humo". Kwa sare ya shule sawa, kwa baiskeli hapana. Mtoto asiyefikisha nyayo chini hawezi kujisimamisha, kwa hiyo kila safari anahitaji mtu wa kumshika, na baada ya mwezi baiskeli inalala uani. Pima hivi: avue viatu, aegemee ukuta, weka daftari gumu katikati ya miguu ulipandishe hadi juu kabisa, kisha pima kutoka hapo hadi sakafuni. Sentimita 50 hadi 60 ni mtoto wa inchi 20. Chini ya hapo chukua 16. Kiti kikishushwa hadi mwisho, kimo chake kisizidi kipimo hicho.

Kisha soma maandishi ya ubavuni mwa tairi, na usiyaruke hata muuzaji akikuharakisha. Tairi ya 20 x 1.75 na ya 20 x 1 3/8 zote huitwa inchi 20, ila haziingiliani: ya kwanza ina namba 406, ya pili 451, yaani kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi inapokaa. Japani pia hutengeneza za watoto za inchi 22. Nzuri sana, lakini kabla hujalipa pita kwanza kwa muuza spea uhakikishe tairi na tyubu zake anazo.

Kifuniko cha mnyororo tunakisisitiza kwa sababu watoto wa hapa huenda madrasa na baiskeli. Pindo la kanzu au baibui likiingia kwenye mnyororo, mtoto anaanguka ghafla, mara nyingi kwa upande. Fremu iliyoinama katikati, isiyo na bomba la juu, inawafaa wasichana na wavulana sawa, maana mtoto anashuka haraka akishtuka.

Kasoro za kutegemea zipo. Breki ya nyuma ya mkanda hupiga kelele. Kelele peke yake si ubovu. Ubovu ni pale mkono wa breki unapogusa mpini wa usukani ukiuvuta: waya umelegea au mkanda umeisha. Breki ya mbele, raba zikiwa zinang'aa na ngumu kama ukucha, badilisha tu. Hakikisha pia vidole vya mtoto vinafika kwenye mkono wa breki bila kuachia usukani. Kufuli ya gurudumu la nyuma isiyo na ufunguo iondolewe kabisa, isije ikajifunga njiani.

Vali ndiyo inayowatesa wengi bure. Fungua nati yake ndogo, utoe kipini cha ndani: kimevishwa mpira mwembamba. Mpira huo ukikauka, tairi inashuka kila usiku ilhali tyubu ni nzima, na watu wanabandika viraka pasipo tundu. Paka mate juu ya vali. Yakitoa povu, badilisha mpira. Ni kazi ya dakika mbili, mtoto wa miaka minane anaiweza.

Kufundisha: toa pedali zote mbili kwa spana namba 15. Ya kulia inafunguka kinyume cha saa, ya kushoto inafunguka kwa mwelekeo wa saa, na wengi huharibu uzi wa kushoto kwa kutojua hili. Shusha kiti, mpeleke uwanja wa Tangamano asubuhi kabla watu hawajajaa, ajisukume kwa miguu. Akiweza kuinua miguu yote miwili akahesabu hadi tano, rudisha pedali. Vigurudumu vya pembeni havifundishi hili, kwa sababu vinamzuia kuinamia kona, na kuinama ndiko kunakompa mizani.

Mkono wa mzazi ukae kwapani mwa mtoto, kamwe usiwe kwenye usukani. Ukishika usukani unaendesha wewe. Kisha begani kwa vidole tu, kisha utembee pembeni ukiwa umefunga mikono nyuma. Hatua hiyo ya mwisho humtoa jasho mzazi kuliko mtoto, na ndiyo inayombadilisha: anajifunza kunyamaza, kutotanguliza "utaanguka!", kumwacha mwana ayumbe na ajirekebishe mwenyewe.

Uhuru wa barabarani mpe kwa mafungu. Ngamiani, mitaa yenye namba imenyooka na njia panda ni nyingi. Anza na mtaa mmoja, pasipo kuvuka. Baadaye mtume chumvi au mkate duka la mtaa wa pili. Kila njia panda anasimama, mguu chini, anatazama kulia, kushoto, kulia tena. Kwetu gari la karibu hutokea kulia. Barabara kuu ya kwenda Pongwe yenye malori si ya umri huu hata kama breki ni mpya.

Pancha afundishwe kuziba mwenyewe. Tyubu iliyojazwa upepo izamishwe kwenye beseni la maji, tundu litajionyesha kwa mapovu. Kausha, kwangua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, usubiri dakika tano hadi isinate mkononi, ndipo ubandike. Kiraka kinachobanduka kesho yake kilibandikwa solusheni ikiwa mbichi. Kabla ya kurudisha tyubu, papasa ndani ya tairi kwa kitambaa, kwani mwiba uliobaki utatoboa tena palepale.

Upepo wa bahari unakula chuma. Baiskeli ikitoka Raskazone, ufukweni, ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe, mnyororo upakwe mafuta ya cherehani matone machache. Mafuta ya kupikia yananata na kukusanya mchanga.

Bomba la kiti lina alama ya mwisho wa kuvuta. Ikionekana, au magoti yakianza kugonga usukani kwenye kona, iuzeni. Usivute bomba kupita alama ili kupata mwaka mwingine: hukatika au hupasua fremu, na hapo hata fundi hana la kukusaidia.